SOMO LA GHALA: PINI YA BAWABA, MSUMARI WA CHAGA NA PANCHI YA SPRINGI



Katika masomo ya ushirika tumezoea kuzungumza juu ya mizania, hisa, mikopo na mikutano mikuu. Mambo hayo ni uti wa mgongo wa chama. Lakini mali ya mwanachama hailindwi na daftari peke yake. Tangu siku inapopimwa kwenye mizani hadi siku inaponunuliwa, mali hiyo hulala ghalani, na ghala ni kuta, paa, sakafu, chaga na mlango. Somo hili lahusu vitu viwili vidogo ambavyo wakaguzi wengi huvipita bila kuvitazama, navyo ni msumari uliochomoza kwenye chaga na pini iliyo ndani ya bawaba ya mlango. Tutavieleza vyote viwili kwa njia ya chombo kimoja cha fundi seremala, kisha tuone jinsi pini ndogo inavyoweza kuokoa au kuangamiza jina la mtunza ghala.

1. Kwa nini somo hili latuhusu

Vyama vya msingi vya Kasulu na Kibondo, pamoja na vya Buhigwe na Kakonko, wilaya zilizomegwa kutoka hizo mbili mwaka 2012, vinashughulika na mazao yanayokaa ghalani: mahindi, maharage, kahawa na asali. Katika nyanda hizi za juu mvua huanza takriban mwezi wa Oktoba na kuendelea hadi Mei. Kwa muda wote huo mbao hunywa unyevu na kuvimba. Mlango uliofungika vizuri mwezi wa Agosti huanza kukwama mwezi wa Januari. Mtunza ghala husukuma kwa bega, hupiga teke, na mwisho hutumia mtaimbo. Matokeo yake ni mwimo kupasuka, skrubu kulegea na bawaba kupinda. Fundi anapoitwa, hukuta kazi ya kutengeneza mlango mzima, ilhali awali kazi ilikuwa kuutoa mlango, kuupiga randa ukingoni na kuurudisha mahali pake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa upande wetu, asiyejua kutoa pini ya bawaba atanunua mlango.

2. Chombo chenyewe na jinsi kinavyofanya kazi

Panchi ya kawaida ya seremala ni kipande cha chuma kigumu chenye ncha butu. Fundi huiweka ncha hiyo juu ya kichwa cha msumari, kisha hupiga upande wa pili kwa nyundo ili msumari uzame chini ya uso wa ubao. Kazi hiyo yahitaji mikono miwili: mmoja wa kushika panchi na mmoja wa kupiga nyundo. Tena yahitaji nafasi ya kuirusha nyundo. Pembeni mwa mwimo, nyuma ya komeo au chini ya bawaba nafasi hiyo mara nyingi haipo, na nyundo ikiteleza huacha kovu kwenye ubao au kwenye kidole.

Kuna aina nyingine ya panchi isiyohitaji nyundo, ambayo katika somo hili tutaiita panchi ya springi. Ina fimbo mbili fupi za chuma kigumu zilizounganishwa katikati kwa springi ya mviringo. Fundi huiweka ncha ya fimbo ya kwanza juu ya msumari na kuishikilia, kisha huivuta fimbo ya pili kinyumenyume hadi springi itanuke, halafu huiachia. Springi hujirudi kwa ghafula, na fimbo ya pili huigonga fimbo ya kwanza kwa mwendo wa kasi. Pigo hilo hupita moja kwa moja hadi kwenye msumari.

Nguvu ya mkono wakati wa kuvuta huwekwa akiba ndani ya springi, na wakati wa kuachia hutolewa yote kwa mara moja. Mwanachama wa chama cha akiba na mikopo atalielewa jambo hili upesi: kinachowekwa kidogo kidogo hutoka kikiwa na uzito. Kadiri springi inavyovutwa zaidi, ndivyo nguvu ya pigo inavyoongezeka. Kwa hiyo fundi anayejifunza huanza kwa kuvuta kidogo.

Panchi hizi hutengenezwa kwa ncha za unene mbalimbali. Ncha za kawaida za misumari ni za milimita 0.8, milimita 1.6 na milimita 2.4. Nyingine huwa na ncha mbili, moja kila upande, ili chombo kimoja kifanye kazi ya saizi mbili. Ile ya kutolea pini za bawaba huwa na ncha inayoweza kuisukuma pini kutoka chini bila kuharibu tundu lake.

Chombo hiki kina mipaka yake. Hakikutengenezwa kwa ajili ya kupigilia msumari wa inchi 4 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kazi yake ni kuumalizia msumari ambao nyundo imekwisha kuuingiza. Hakifai kwa misumari ya bati yenye kichwa kipana, wala kwa ribiti. Katika mbao ngumu kama mninga, msumari utobolewe njia kwanza kwa keekee iliyo nyembamba kidogo kuliko msumari wenyewe, la sivyo ubao utapasuka hata panchi iwe nzuri namna gani.

3. Msumari wa chaga na hasara ya gunia

Kila katibu anajua kwamba magunia hayapangwi juu ya sakafu tupu. Hupangwa juu ya chaga, mbali na ukuta, ili hewa ipite na unyevu usipande. Lakini chaga zikikauka na kulowa mwaka hadi mwaka, mbao zake husinyaa na kuvimba, na misumari huanza kuchomoza. Mpagazi anapoliburuta gunia juu ya chaga, kichwa cha msumari hulikamata na kulichana.

Tuchukue mfano wa kuhesabu. Tuseme chama kina magunia 300 ya maharage. Katika kila magunia 20, gunia moja limechanwa na msumari. Hayo ni magunia 15. Kila gunia lililochanwa limemwaga kilo 3 sakafuni; hizo ni kilo 45. Tuseme bei ni shilingi 2,000 kwa kilo. Hasara ni shilingi 90,000, bila kuhesabu gharama ya magunia mapya, wala kibarua cha kufagia na kupepeta, wala ugomvi wa mizani siku ya kuuza. Hasara hiyo haikuletwa na mwizi wala panya, bali na misumari ambayo mtu mmoja angeweza kuizamisha kwa nusu siku.

Hatari imeongezeka zaidi kwa wanachama wanaotumia mifuko isiyopitisha hewa kuhifadhi mahindi. Mfuko huo huua wadudu kwa kuwanyima hewa. Tundu dogo la msumari laturudisha pale pale tulipokuwa. Wazee wanakumbuka dumuzi, yule mdudu aliyeitwa skania, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1980 alionekana kwa mara ya kwanza barani Afrika katika mkoa jirani wa Tabora. Mdudu huyo bado tunaye, naye hangoji kualikwa.

Hatua za kuzamisha misumari ya chaga ni hizi:

(a) Ondoa magunia yote juu ya chaga. Fagia, kisha pitisha kipande cha gunia kuukuu juu ya kila ubao. Kila kinapokamata, weka alama ya chaki.

(b) Kwa nyundo, pigilia msumari uliochomoza hadi kichwa kibakie takriban milimita 2 juu ya ubao. Msumari uliopinda au kulegea ng'oa, uweke mwingine pembeni mwa tundu la zamani.

(c) Weka ncha ya panchi katikati ya kichwa cha msumari, wima. Ncha isiwe pana kuliko kichwa, maana itapanua tundu bila sababu. Shika fimbo ya chini kwa mkono mmoja, vuta ya juu kwa mkono wa pili, kisha achia.

(d) Rudia hadi kichwa kizame milimita 2 chini ya uso wa ubao. Usizidishe, kwa kuwa msumari uliozama mno hupoteza nguvu ya kushika.

(e) Pitisha tena kile kipande cha gunia. Kisipokamata popote, kazi imekwisha.

Msumari wenye kichwa kipana huzamishwa kwa nyundo na panchi nene ya kawaida. Wafugaji wa nyuki nao watafaidika na panchi ya springi wanapotengeneza mizinga ya masanduku, kwani msumari mdogo huzama pasipo ubao mwembamba kutikisika na maungio kuachana.

4. Kutoa pini ya bawaba

Bawaba ya mlango ina mabapa mawili. Bapa moja hufungwa kwenye mwimo na la pili kwenye ubao wa mlango. Vifundo vya mabapa hayo hupandana, na pini hupita katikati yake. Kuna bawaba ambazo pini yake imebanwa ncha zote mbili, haitoki. Nyingine pini yake ina kichwa juu nayo yaweza kusukumwa kutoka chini ikatoka. Kabla ya kufanya lolote, katibu na fundi watazame chini ya bawaba. Ikiwa ncha ya pini yaonekana ndani ya tundu, hiyo ni pini ya kutoka. Ikiwa ncha imefuliwa na kutandazwa, msiilazimishe, fungueni skrubu.

Ili kuutoa mlango uliokwama kwa ajili ya kuupiga randa, fuateni utaratibu huu. Kwanza, wekeni kabari chini ya ukingo wa mlango ulio mbali na bawaba, ili uzito usining'inie juu ya pini. Pili, tieni tone la mafuta juu na chini ya kila pini. Ikiwa kuna kutu nyingi, acheni mafuta yalale usiku mmoja. Tatu, anzeni na bawaba ya chini. Wekeni ncha ya panchi chini ya pini, shikeni fimbo ya juu, vuteni ya chini, achieni. Pini itapanda kidogo kidogo. Ikishatokeza, ivuteni kwa koleo. Nne, endeleeni na bawaba ya kati, na mwisho ile ya juu, huku mtu wa pili akiushikilia mlango. Wakati wa kuurudisha mlango, mpango hugeuzwa: pini ya juu huingia kwanza.

Chama kisicho na panchi ya springi kisikate tamaa. Msumari wa inchi 5 uliokatwa ncha na kusawazishwa kwa tupa ni panchi inayofaa kabisa pamoja na nyundo. Mhunzi wa kijiji aweza kutengeneza iliyo imara zaidi kwa kipande cha springi kuukuu ya gari. Wanachama wanaopenda kujifunza useremala kwa mpango wana Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza nchini mwaka 1975, na Kasulu na Kibondo ni miongoni mwa mahali vilipo.

5. Mlango ule ule kwa jicho la mwizi

Ndugu wanaushirika, hapa ndipo penye kiini cha somo. Yote tuliyoyaeleza katika sehemu ya nne, mwizi naye anayajua. Milango mingi ya maghala hufunguka kwa nje ili isile nafasi ya magunia. Mlango ukifunguka kwa nje, vifundo vya bawaba pia hubaki nje. Chama hununua kufuli kubwa la bei ghali na kulitundika upande wa kulia, kisha upande wa kushoto huacha pini tatu zinazotoka kwa dakika chache. Mlango wa namna hiyo umefungwa upande mmoja tu. Pini ni kufuli la pili, nalo halina ufunguo.

Dawa yake ni nyepesi. Kwa mlango wa mbao, wekeni jino la usalama kwenye bawaba ya juu na ya chini, hivi:

(a) Fungueni mlango. Chagueni matundu mawili ya skrubu yanayokabiliana, moja kwenye bapa la mwimo na moja kwenye bapa la mlango. Toeni skrubu zote mbili.

(b) Kwenye tundu la mwimo, pigilieni msumari mnene wa inchi 3 na kuacha nusu inchi nje. Kateni kichwa kwa msumeno wa chuma, kisha lainisheni ncha kwa tupa.

(c) Kwenye tundu la upande wa mlango, toboeni kwa keekee tundu pana kidogo kuliko jino na lenye kina kinachozidi nusu inchi.

(d) Fungeni mlango polepole. Jino liingie tundu lake bila kusugua.

(e) Fanyeni jaribio mbele ya kamati: fungeni mlango kwa kufuli, toeni pini zote, kisha vuteni upande wa bawaba. Mlango usipotoka mahali pake, kazi ni njema. Rudisheni pini.

Kuanzia siku hiyo, fundi akitaka kuutoa mlango hana budi kuufungua kwanza, ndipo atoe pini. Hilo ndilo tulilolitaka: asiye na ufunguo asiweze kuutoa.

Kwa mlango wa chuma wenye bawaba za bomba, mwiteni mchomeleaji aweke kipande cha bapa juu ya bawaba ili mlango usiweze kunyanyuliwa. Tazameni pia komeo. Ikiwa limeshikwa kwa skrubu zinazoonekana nje, bisibisi yatosha kulitoa. Tumieni bolti ambazo nati zake ziko ndani.

6. Kufuli zima, mali haipo

Tuchukue mfano wa chama tutakachokiita Chama A. Asubuhi moja mtunza ghala afika na kukuta kufuli limefungwa sawasawa, lakini ndani magunia kumi ya kahawa hayapo. Funguo anazo yeye na katibu. Wanachama wakusanyika. Hukumu ya haraka ni ipi? Kwamba aliyeiba ni mwenye ufunguo, maana kufuli halikuvunjwa. Mtu huyo aweza kufukuzwa kazi, kudaiwa na kupelekwa polisi, na watoto wake wakaitwa watoto wa mwizi, ilhali mali ilipita upande wa bawaba na pini zikarudishwa mahali pake.

Kwa sababu hiyo twawaomba makatibu wote: kabla ya kumtaja mtu, tazameni pini. Dalili za pini iliyotolewa ni hizi. Ncha ya chini huwa na alama mpya inayong'aa penye kutu. Rangi iliyokuwa imefunika kichwa cha pini na kifundo huwa imepasuka kwa mviringo. Kichwa cha pini huenda kisikae sawa na vya bawaba nyingine. Unga mwekundu wa kutu huweza kuonekana umeanguka kizingitini. Panchi ya springi huacha alama chache kuliko nyundo, kwa hiyo tazameni karibu na kwa tochi. Msiguse chochote kabla ya polisi kufika.

Dalili hizo si hukumu. Mwenye ufunguo naye aweza kukwaruza pini ili kuwapoteza watu njia. Lakini mkutano uliotazama pande zote mbili za mlango utahukumu kwa haki kuliko ule uliotazama kufuli tu. Kumlinda mtumishi mwaminifu ni sehemu ya kulinda mali ya chama, kwa maana chama kinachomhukumu asiye na hatia kitakosa mtu wa kushika ufunguo.

7. Chombo, daftari na usalama

Panchi ikinunuliwa kwa fedha ya chama, ni mali ya chama. Iandikwe katika daftari la vifaa siku ile ile: tarehe, bei, namba ya stakabadhi na mahali inapowekwa. Anayeiazima atie sahihi, na anayeirudisha atie sahihi. Isiachwe nje ya ghala wala dirishani. Mali bila daftari huisha bila habari, na chombo kinachotoa pini kikiisha bila habari, huenda kikarudi usiku.

Kila mara pini zinapotolewa kwa ajili ya matengenezo, wawepo watu wawili, nao waandike katika kitabu cha ghala tarehe, sababu na majina yao. Hivyo alama mpya itakayoonekana baadaye itakuwa na maelezo yake.

Kuhusu usalama wa mwili, chuma kinapogonga chuma kipande chaweza kuruka. Vaeni miwani ya kazi. Vidole visiguse springi inapojirudi. Panchi ya springi isipigwe nyundo, wala isitiwe motoni, maana springi iliyopata moto hulegea na haifai tena. Ikiwa mizunguko ya springi imeachana, chombo kiwekwe kando. Baada ya kazi, kifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi vya masomo

1. Je, mlango wa ghala la chama chenu hufunguka kwa ndani au kwa nje? Pini zake ni za kutoka au zimebanwa?

2. Pitisheni kipande cha gunia juu ya chaga kumi. Hesabuni mahali kinapokamata, kisha kadirieni hasara ya msimu mmoja kwa bei ya sasa ya zao lenu.

3. Kamati yenu ingefanya nini ikikuta kufuli zima na mali haipo? Andikeni hatua tano kwa mpangilio, na katika kila hatua mtaje mhusika.

4. Nani anaidhinisha pini za mlango wa ghala zitolewe, na kumbukumbu yake iko wapi?

Majibu ya swali la tatu na la nne yasomwe mbele ya Bodi, na yaingizwe katika muhtasari wa mkutano wake ujao, kabla mvua za Oktoba hazijaanza.